Matone ya Macho na Kifua Changu

Nina pumu tangu utotoni, na kazi yangu ni kushona nguo Bunda mjini. Miaka ya karibuni nilipewa inhela yenye dawa mbili ndani ya kopo moja, niivute asubuhi na jioni. Niliizoea kama mswaki.

Mwaka jana jicho la kushoto lilianza kunisumbua, nikaenda Musoma kupimwa. Presha ya macho, wakasema. Nesi akaniuliza, "Baba, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hapana," nikajibu. Sikuwa nadanganya. Kwangu dawa ilikuwa ya kumeza au ya sindano. Nikapewa matone, nikarudi Bunda.

Siku ya nne, nikiwa napiga pasi suruali ya mteja, kifua kilibana. Nikavuta inhela yangu nyingine, ya dharura, mara mbili, kisha tena. Nafuu haikuja. Mke wangu alidhani ni vumbi la pamba, maana msimu ulikuwa umeanza. Alipoona nashindwa kumaliza sentensi, akafunga duka, akanipeleka hospitali.

Wakanivutisha dawa kwa mashine. Nilipotulia, daktari, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, akasema, "Mzee, nionyeshe kila kitu unachotumia. Hata cha kupaka."

Mke wangu akatoa kichupa cha matone kwenye mkoba. Daktari akasoma maandishi.

"Hii ndiyo imekubana."

"Ya macho?"

"Inashuka puani, inaingia kwenye damu. Inhela inafungua kifua, hii inafunga. Walijua una pumu?"

Nikamwambia hawakujua, sikuwaambia. Hakunigombeza. Alinitaka niache matone hayo, nisiache inhela, na nirudi Musoma haraka nibadilishiwe, kwa sababu jicho nalo halisubiri.

Kisha akanimulika mdomoni. Ulimi ulikuwa na utando mweupe, nami nilikuwa nimeuficha kwa aibu.

"Ukishavuta huwa unasukutuaga?"

"Na nini?"

"Maji tu, Mzee. Sukutua, tema, dawa isibaki mdomoni ikaleta utando huu."

Kesho yake mke wangu alinisindikiza Musoma, na safari hii yeye ndiye aliyeongea. Matone mapya yanawasha kuliko yale ya kwanza, lakini kifua kimetulia. Jicho halikurudi kama zamani; pembeni lina ukungu, na uzi wa sindano naomba nitungiwe.