Mnyoo wa Baharini na Maji ya Kisima

Mimi sikutaka mnyoo. Nilitaka kioo. Meneja mmoja wa kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi kule EPZ, eneo la viwanda la Athi River, alikuwa anarudi kwao, akawa anagawa vitu vya nyumbani. Wenye bahati walipata friji na viti. Mimi niliachiwa tangi la samaki lisilo na samaki, nikaona litafaa kulelea vifaranga. Nilipolifikisha nyumbani kwangu Machakos nikakuta lina maji kidogo, mchanga, mawe mawili, na kitu kama kipande cha mrija, cha rangi ya matope, kimesimama kati ya mawe. Nilikuwa nishanyoosha mkono kukitupa wakati manyoya yalipochomoza juu yake yakachanua, mekundu na meupe, mapana kama kisahani cha chai.

"Ala!" nikasema. Nikasogeza uso. Yakatoweka ndani ya mrija kabla sijafumba jicho.

Nilimpigia meneja simu. Akasema huyo ni mnyoo wa baharini, kwamba huo mrija ni nyumba yake aliyoijenga mwenyewe kwa ute na mchanga, kwamba yale manyoya ndiyo anayopumulia na kunasia chakula, na kwamba nikimtupa atahuzunika sana. Sikuelewa nani atahuzunika, yeye au mnyoo, ila nilikuwa nimeshamtazama mnyama akichanua, basi nikashindwa.

Kiwandani nilikuwa msimamizi wa cherehani. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele hadi nisikike juu ya mashine, na niliifanya vizuri. Wapo wanawake Machakos hii ambao mpaka leo wakiniona sokoni wananyoosha migongo. Nilipoacha kazi nikafungua chumba cha kushona sare za shule, peke yangu, na sikuwa na mtu wa kugombeza. Mnyoo naye hagombezeki. Kivuli chako kikimpitia anaingia ndani, ukitulia anatoka. Ni kiumbe wa kwanza kuniogopa bila kuninunia baadaye.

Shida yake ni maji. Ananunuliwa maji yaliyochujwa, yale ya mitungi yanayouzwa dukani, halafu anatiliwa chumvi maalumu ya bahari inayotoka Nairobi, halafu unapima kwa kipimo cha chumvi. Maji yakipungua kwa joto, unaongeza yale matamu matupu, kwa sababu chumvi yenyewe haiondoki na mvuke. Anakula tone la mwani uliosagwa hadi ukawa kama maji ya sukuma wiki, unamnyunyizia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Sikumwambia mtu yeyote. Mji huu mtu akinunua maji ya kunywa anahesabiwa tajiri; ukisema unamnunulia mnyoo utaombewa kanisani.

Ndipo mama alipoanguka.

Mama yangu anaishi peke yake Kangundo, kwenye mteremko wa kahawa ambao hata mbuzi huuteremka kwa adabu. Aliteleza asubuhi akavunjika mkono, akalala katikati ya miti ya kahawa hadi jioni, jirani alipokuja kuazima jembe. Jembe tu ndilo lililomwokoa. Kama yule jirani angekuwa na jembe lake, mimi leo ningekuwa naandika mambo mengine. Nilimleta kwangu akiwa na plasta mpaka kwenye kiwiko, na kichwani mwangu nilikuwa nishaamua harudi tena kule kuishi peke yake. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kila simu iliyolia.

Lakini kwetu hatuombani mambo. Tunaamrishana. Kumwambia mama yangu "tafadhali kaa nami" ni neno ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa katika ukoo wetu, na sikujua linaanzia wapi mdomoni.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya tangi.

"Hiki ni nini?"

"Mnyoo, mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Mimi nikiwa na minyoo nilipewa dawa."

Nilipomweleza habari ya maji, alikaa chini. Watu wa Athi River, akasema, wanalia mwaka mzima kwamba visima vyao vina chumvi, chai haiivi, sabuni haitoi povu, meno yanaharibika. Na hapa binti yake aliyesomeshwa kwa kahawa ananunua maji matamu ili ayatie chumvi. "Aiya," akasema. "Na tulikulea vizuri."

Plasta ilipotolewa, alikunja na kukunjua vidole mbele ya daktari, akaniangalia mimi, akasema sasa anaenda kwake. Nikasema haendi. Akasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye hapa kwangu hata kijiko cha kukoroga hapewi, anakalishwa kwenye kochi kama picha. Hapo alisema kweli, maana nilikuwa nimemkataza kila kitu. Nikasema kahawa itajichuma. Akasema kahawa haijichumi. Sauti zikapanda. Mwishowe nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya kiwandani, "Basi nenda ufie huko!"

"Nife kwangu," akajibu taratibu, akaenda kufungasha nguo kwenye kiondo chake. Tulikubaliana, kama unaweza kuita yale makubaliano, kwamba nitampeleka Jumamosi.

Ijumaa nikatoka kwenda kushona. Niliporudi jioni nilimkuta sebuleni, amejaa furaha kama mtu aliyelipa karo. Tangi lilikuwa limejaa hadi ukingoni.

"Nimekuongezea maji," akasema. "Sitaki nikuache na deni la kazi. Nimemwita yule muuza maji wa mkokoteni, nikamwuliza kama anajua maji ya kisima yenye chumvi. Akaniambia anajua yaliyo mabaya kuliko yote. Nikamwambia hayo hayo."

Chumvi ya kisima si chumvi ya baharini. Ina mambo yake mengine ya chini ya ardhi, magadi na nini sijui. Nikainama. Shada lote la manyoya lilikuwa limekatika, limelala juu ya mchanga kama ua la bandia lililodondoka kwenye kofia. Mrija ulibaki umesimama, tupu juu.

Mama akainama pia. "Amevua?"

"Ametupa. Wakiona maji mabaya wanatupa."

"Amekufa?"

"Sijui. Yuko ndani. Kama amekufa, maji yataanza kunuka."

Nilingoja aseme mnyoo ni mnyoo. Aliketi, akaushika ule mkono uliopona kwa mkono mwingine, nikaona uso wake umeingia haya, mama yangu ambaye sijamwona na haya tangu nizaliwe. Akasema, "Mimi niliona nakusaidia." Hasira yangu yote ikaniishia pale pale, nikabaki sina cha kushika.

Usiku ule tulichota yale maji kidogo kidogo na kurudisha mazuri. Asubuhi ya Jumamosi kiondo kilikuwa mlangoni. Nikachukua funguo. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya tangi, pua juu ya maji.

"Hajanuka," akasema. "Siwezi kuondoka nimeacha mgonjwa ambaye nimemwumiza mimi. Akipona, nitaenda."

"Sawa," nikasema, nikarudisha funguo polepole ili zisilie.

Toka siku hiyo nyumba ikapata msimamizi mwingine. Mama alishika lile bomba la kulishia, na mimi nikawekwa upande wa kubeba mitungi. Kila asubuhi alinusa maji kabla ya kunywa chai. Alipiga marufuku kuwasha taa ghafla. Wageni wa kanisani waliingia kwa mlango wa jikoni, kwa mstari, wamejikunja kando ya ukuta, ili vivuli vyao visimguse mgonjwa. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi ili tumwombee, na mama akamwonyesha mrija. Alimwombea. Alikuwa ameshaahidi.

Ushauri wa kitaalamu ulitoka kwa jirani yetu, mama wa Kiislamu anayeuza mahamri, ambaye wazazi wake walitoka Pwani. Mama alimwona ndiye mtu wa bahari. Jirani mwenyewe alizaliwa hapa hapa Machakos, katika wadi ile ile ya hospitali niliyozaliwa mimi, lakini aliulizwa kwa heshima kubwa mno hata hakuweza kukataa. Akaangalia tangi, akasema maji yakimwagika hayazoleki, tusubiri majaliwa ya Mungu. Mama akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa dawa.

Halafu siku moja pakachomoza kitu juu ya mrija. Kilikuwa kidogo kama brashi ya kupakia rangi ya kucha, cheupe, kimejikunja. Mama aliniita kwa sauti ambayo ilinifanya nidhani ameanguka tena; nilitoka bafuni na povu kichwani. Tulisimama pale tukimtazama. Mama alicheka hadi akashika ukuta.

Mimi nilicheka pia, na wakati huo huo moyo wangu ukaanza kushuka, maana nilijua hesabu yake. Brashi ingekuwa shada. Akipona, nitaenda, alisema, na mama yangu halisemi neno mara mbili. Kiondo kilikuwa bado nyuma ya mlango, kimefungwa.

Nikaanza kufanya mambo ya kijinga. Nilifunga pazia la upande ule. Nikasema balbu ya tangi imeungua, kumbe nimeilegeza. Mama akiniuliza mgonjwa anaendeleaje namjibu, "Taratibu, mwaitu, taratibu," na manyoya nayo yanakua tu gizani, hayana habari. Nilikuwa nasahau kwamba mimi ndiye ninayevaa miwani nyumba ile. Mama hunitungia uzi kwenye sindano akiwa mbali na dirisha.

Jirani ndiye aliyetaka kutuharibia. Alikuja asubuhi na mahamri, akapita akilisukuma pazia kwa bega, na jua likaingia pamoja naye. Mnyoo alikuwa ametoka mzima, shada limejaa, jekundu na jeupe, pana kuliko lile la kwanza.

"Mashallah!" akasema. "Si amepona huyu!"

Nilisimama na birika mkononi. Mama aliinuka, akaja, akainama karibu kabisa na kioo. Akamtazama mnyoo kwa muda mrefu, huku manyoya yakipepea mbele ya pua yake.

"Bado," akasema.

Jirani akanigeukia mimi.

"Bado kabisa," nikasema.

Jirani alitutazama mmoja mmoja, akaweka mahamri mezani, akasema kweli, akiangalia vizuri, mgonjwa ana uchovu fulani. Akaenda zake. Mama akalifunga pazia mwenyewe, akalinyoosha pindo.

"Kule Kangundo atafutwe mtu wa kuchuma kahawa," akasema akiwa amenipa mgongo. "Asiwe mwizi."

"Nitamtafuta."

"Na kiondo kile kinazuia mlango."

Nikakichukua nikakipeleka chumbani, kisha nikaingia jikoni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia.

"Funga hayo maji!" akapiga kelele kutoka sebuleni. "Kesho tutaoga na nini?"