Pudentienne na Chuma cha Cheche

Pudentienne aliolewa Kilibula, mtaa wa Uvira huko Kongo, na mwanamume aliyenuka vumbi la mawe. Huyo alikuwa Donatien, mzaliwa wa Sange, mchimbaji katika machimbo ya Wazungu ng'ambo ya mto Ruzizi, kwenye vilima vya Burundi. Mawe yenyewe yalikuwa na rangi ya asali iliyoungua, mazito kuliko yalivyoonekana, na wachimbaji hawakujua yanakwenda kufanya nini Ulaya.

Mwaka wa uhuru wa Kongo Donatien alirudi nyumbani moja kwa moja. Fundi mmoja wa machimbo alikuwa amemuaga kwa kijiti cha chuma cheusi, kirefu kama kidole. Donatien aliketi uani akakikwaruza kwa mgongo wa kisu, cheche nyeupe zikamwagika. Mama yake, Élisabeth, aliruka kutoka mkekani.

"Weye Donatien, hii ni dawa gani?"

"Apana dawa, mama. Iko inatoka mu yale mawe yetu."

Akawaeleza kama alivyoelezwa. Ndani ya mawe yale mna chuma kiitwacho seriumu. Kikiwa peke yake ni laini hata kisu hukikata. Kikikatwa hung'aa kama bati jipya, kisha hewa hukifubaza. Wazungu hukichanganya na chuma cha kawaida ili kiwe kigumu, na kila kipunje kinachobanduka hushika moto chenyewe hewani. Ndicho kijiwe cha ndani ya brike, kile kiwashio cha sigara. Vumbi lake hutumika kusugulia vioo vya miwani, na kidogo hutiwa katika kile kifuko cheupe cha taa ya pampu ili mwanga uwe mkali.

Pudentienne alicheka. "Kumbe ulivunja mugongo ili Mzungu awashe sigara!"

Mwaka wa sitini na nne waasi waliingia Uvira. Barabara zikafungwa, chumvi na viberiti vikaadimika. Donatien alitoka kutafuta chumvi, asirudi. Wengine walisema alipigwa risasi, wengine kwamba alibebeshwa mizigo ya waasi kuelekea kusini. Pudentienne alifunga kile kijiti katika pindo la kitenge, akamshika mama mkwe mkono, wakapanda mlimani pamoja na majirani, seremala Rénovat na mkewe Claire aliyekuwa ananyonyesha.

Mvua iliwanyeshea hadi makaa waliyobeba yakazimika. Lakini kijiti kile hakikuogopa maji: alikifuta, akakikwaruza juu ya nyuzi kavu za mgomba, moto ukashika. Wakimbizi wa bonde zima wakawa wanamjia. "Mama, utupe moto." Naye hakumnyima mtu.

Ndege za serikali zilikuwa zinawasaka waasi, na zilipiga popote palipofuka moshi. Kwa hiyo walikubaliana kuwasha wakati wa ukungu tu. Siku moja anga lilikuwa wazi bila ukungu na mtoto wa Claire alikuwa anatetemeka kwa baridi, midomo imebadilika rangi.

"Dada, kidogo tu," Claire akasihi. "Atakufa mukononi mwangu."

"Usiwashe," Élisabeth akasema.

Pudentienne alimtazama mtoto, akawasha. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ukapanda mnene juu ya miti. Ndege ilipotokea upande wa ziwa ikimimina risasi, Claire alimlalia mwanawe. Walipomgeuza, yeye alikuwa amekufa, mtoto analia.

Rénovat hakumlaumu Pudentienne. Alichimba kaburi kwa jembe la kuazima, akamfunga mtoto mgongoni, na tangu hapo hakumsemesha tena Pudentienne. Pudentienne alitaka kukitupa kijiti kile korongoni. Lakini kesho yake ukungu ulishuka, watu wakaja na vyungu vyao vya mihogo, wakasimama mbele yake. Akawasha, huku machozi yanamtoka.

Waliporudi Kilibula nyumba haikuwa na paa. Élisabeth hakumaliza msimu ule. Alikufa akimwita Donatien. Rénovat alivuka kwenda Burundi na mtoto bila kuaga. Pudentienne akahamia Sange kulima mpunga katika shamba la ukoo wa mumewe. Hakuolewa tena. Miaka ikapita, mchuuzi mmoja kutoka Burundi akamwambia kwamba binti wa Rénovat, yule mtoto wa mlimani, sasa ni mwanamwali.

"Iko anamufanana mama yake?" Pudentienne akauliza.

Mchuuzi alisema hakumjua mama yake. Pudentienne akainama, akaendelea kupalilia.