Maneno Aliyomwekea Mahona

Milembe wa Migato alikuwa na maneno aliyomwekea mumewe. Tangu Mahona aliposwaga ng'ombe wote wa boma akaenda kuanza maisha na mwanamke mwingine kule Nassa, ziwani, Milembe aliyapanga maneno hayo huku akipalilia pamba. Alijua lipi litatangulia, lipi litafuata, na lipi la kummaliza kabisa. Pengine aliyatamka kwa sauti, kwa Kisukuma, jirani akadhani ana mgeni shambani. Miaka ikapita hivyo. Josia, mtoto wao wa pekee, akakua, akaoa, akahamia Bariadi mjini.

Msimu mmoja, pamba imeshavunwa na watu wanang'oa mashina, bajaji ilisimama mbele ya mji wake. Akateremka Benedikta, dada wa Mahona, kamshika mtu mkono. Mtu mwenyewe kaisha, shati linamning'inia. Milembe alimtazama mara mbili ndipo akamtambua mumewe.

"Wifi," Benedikta akasema, "figo zimekataa. Yule mwanamke kamfungia mlango, na mimi kwangu chumba ni kimoja. Najua alichokutenda."

Milembe alisimama akingoja ile hasira. Alijua inakotokea: chini ya titi la kushoto, halafu inapanda kooni. Akangoja. Haikuja. Huruma nayo haikuja. Ndani mwake kulikuwa kimya, kama boma lililohamwa.

"Mwingize," akasema. "Kuna kitanda cha Josia."

Akampikia uji, akamwogesha, akamfulia. Asubuhi akimwamkia "Mwangaluka," naye akiitikia hivyo hivyo, basi. Jioni moja Mahona akamshika pindo la kanga.

"Mama Josia, nitukane."

"Nikutukane nini?"

"Chochote. Unanihudumia kama nesi. Afadhali unichukie."

Milembe akaketi kwenye kigoda, akayatafuta yale maneno. Aliyakumbuka yote, lakini yalikuwa maganda matupu, hayana punje.

"Nilikuwa na hasira yako," akasema taratibu. "Niliitunza sana. Leo naitafuta siioni. Na mapenzi nayo siyaoni. Sikufichi kitu, Baba Josia. Ndivyo nilivyo."

"Basi umenisamehe."

"Sijui kama huku ndiko kusamehe. Kunywa uji, unapoa."

Mahona akageukia ukutani, akalia. Milembe alitoka kuosha kikombe, na huko uani machozi yakamtoka. Hakumlilia Mahona. Aliililia hasira yake. Ilikuwa imelima naye, imepika naye, imelala naye miaka yote, kisha imeondoka bila kumuaga.

Mahona alifariki mvua za kwanza ziliponyesha. Wanawake wakapiga yowe. Milembe akawa anapokea wageni na kuwatafutia pa kukaa. Benedikta akamvuta pembeni.

"Wifi, lia hata kidogo. Watu wanatazama."

"Nikijiliza nitakuwa namdanganya marehemu. Aliletwa hapa, nikamtunza. Nilichokuwa nacho ni hicho tu."

Benedikta akachukua ndoo, wakaenda pamoja kisimani.

Matanga yalipoisha, watu walikuwa na mengi ya kumwambia. Wengine walisema uchungu utakuja baadaye, wengine kwamba sasa Mungu atamrudishia furaha. Aliwashukuru wote. Hakuwabishia, wala hakuvisubiri hivyo walivyomwahidi. Josia alibaki nyuma, akawa anamchungulia mama yake usoni kama anayetazama wingu.

"Mama, unaumia?"

"Hapana."

"Basi una amani."

"Na amani sijui, mwanangu. Mwanzo niliogopa, nikadhani nimekufa moyo. Sasa naona nipo. Naamka, nafanya kazi, nalala. Usinitafutie jina la hali hii. Kama una nafasi, niezekee jiko, linavuja."

Josia akapanda juu ya paa, Milembe akawa anamrushia nyasi kutoka chini. Mvua iliwakuta kona moja bado iko wazi. Wakaingia ndani, wakala michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, wakisikiliza maji yanavyodondokea sufuria.