Mashine Iliyobaki Ng'ambo

Nyumbani kwetu, upande wa Nkwenda, siku ilianza kwa mchi. Mama alitwanga kahawa iliyokauka ili maganda yatoke, sisi mabinti tukapeta, na vumbi lile likatuingia puani hata matoke ya mchana yakawa na ladha yake. Mikono ya wanawake ina mwisho, kwa hiyo kahawa nyingi ilikwenda Bukoba na maganda yake, vichwani na juu ya baiskeli, kupanda na kushuka vilima. Baba alinung'unika kila msimu. Alisema tunajichosha kuwabebea watu wa Bukoba takataka, na wao wana za kwao, wakati maganda yale yangelala kibanjani, shamba letu la nyumbani, na migomba ikanenepa. Vumbi lile nililichukia wakati huo. Sasa ningefurahi kuletewa walau ungo mmoja nilinuse.

Aliyetaka kutuondolea mchi alikuwa Mhindi mmoja mwenye duka Mbarara, ng'ambo ya mto Kagera. Alikuwa mnywani wa baba. Kwa wasiojua mambo ya kwetu, mnywani si rafiki wa salamu tu. Mnachanjwa kidogo tumboni, mnapasua tunda moja la kahawa ambalo ndani lina punje mbili, kila punje inapakwa damu ya mmoja, kisha kila mtu anameza ya mwenzake. Kuanzia hapo huwezi kumnyima nyumba, wala chakula, wala ukweli. Mama alisema Mhindi alifumba macho kama mtu anayepewa kwinini, lakini alimeza. Mwinjilisti wetu alipomkemea baba kwa mambo ya kipagani, baba alijibu kwamba tone moja la damu halijamzuia mtu kuimba, na Jumapili ile akaimba kwa sauti ya kuudhi.

Mimi nilikua nikimwona Mhindi huyo akija msimu wa kahawa. Alikaa kwenye kigoda chake, akatafuna kahawa ya mgeni iliyochemshwa na majani yenye harufu, akamsalimia mama kwa lugha yetu, Kinyambo, kilichochechemea. Alikuwa akinunua magunia machache ya baba. Hata serikali ilipotoa amri kwamba kahawa yote ya kwetu Karagwe iteremke Bukoba na isivuke mto, alikuja vilevile. Hatukuona kosa. Tungemfungiaje mlango mtu ambaye damu yake imo tumboni mwa baba?

Miaka ya hamsini ilipoanza, mimi nikiwa mwali anayesubiri kuposwa, akaja na wazo la kiwanda. Kahawa ingekobolewa hapahapa, maganda yabaki kwetu, na iliyo safi iteremke Bukoba kama amri inavyotaka. Kila mtu apate chake na sheria ipate chake. Baba akampa ardhi upande wa barabara, na ili kuipata akakata migomba aliyoipanda bibi yangu. Nilimwona akiifuta mikono kwenye nyasi baada ya kukata, polepole, na hakula jioni hiyo. Majirani walimwambia amepatwa na wazimu. Akawajibu wasubiri wasikie mlio wa mashine.

Sakafu ikamwagwa ya saruji, ya kwanza niliyopata kuikanyaga. Tulivua viatu tukatembea juu yake, sisi tuliokuwa na viatu, na wasiokuwa navyo wakatucheka kwa kuvua. Nguzo zikasimama, bati likapanda. Mashine ilifika mpaka kivukoni na kusimama ng'ambo, imefunikwa turubai, ikisubiri ruhusa mbili: yake yenyewe ya kuingia na kulipiwa ushuru, na ya mwenye mashine ya kuja kukaa na kufanya kazi kwetu. Mama alianza kuzungumza juu ya mchi wake kama mtu anayemuaga ng'ombe mzee. Alisema atautumia kutwangia karanga tu.

Siku bwana wa uhamiaji alipokuja, tulikuwa tumepika rubisi, pombe yetu ya ndizi. Alikuwa Mzungu kijana, mwenye adabu, anajua Kiswahili cha kutosha. Alifuatana na karani wa kutoka Bukoba, Mhaya aliyenyoosha suruali yake vizuri. Nikawapigia magoti, nikatoa shikamoo, nikaweka kahawa ya kutafuna mbele yao. Mhindi alikaa pembeni ameshika kofia. Kwa kuogopa ile amri, katika maombi yake alikuwa ameeleza kwamba hajapata kufanya biashara upande wetu, na kwamba anakuja mara ya kwanza. Sisi hatukujua. Hakuna aliyefikiri kumwambia baba, kwa sababu nani angefikiri baba ataulizwa?

"Mzee," yule bwana akauliza, "huyu mtu unamfahamu?"

Baba akakaa sawa. Kwetu, ukitaka kumtetea mtu asiitwe mgeni, unasema amekuja tangu lini na amekula nini kwako. Ndiyo hoja pekee tuliyo nayo na ndiyo kubwa.

"Waitu, bwana wangu, huyu si mgeni," baba akasema. "Anavuka mto huu tangu binti yangu huyu hajaota meno."

Akaninyooshea kidole. Nami nina meno yote thelathini na mbili, nikataka ardhi inimeze. Karani akakohoa. "Mzee, labda unamfananisha na mwingine."

Baba akadhani karani hakusikia vizuri, akapandisha sauti. "Nimfananishe mnywani wangu? Anakula hapa kila msimu. Kahawa yangu ananunua yeye. Hata mwaka njia zilipofungwa kwa amri, wengine wote wakaogopa, yeye alikuja."

Alisema hivyo kwa fahari ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote. Mhindi aliinamisha kichwa akaitazama kofia yake. Hakumkatiza baba hata kidogo. Yule bwana wa uhamiaji alitikisa kichwa, akamshukuru baba kwa kusema kweli, na nadhani alimshukuru kwa moyo. Kisha akamweleza Mhindi kwamba ombi lake limekataliwa, na kwamba wataondoka naye palepale mpaka kivukoni. Rubisi ikabaki chunguni.

Karani alichelewa makusudi akifunga viatu, akamweleza baba kwa Kihaya jinsi maneno yake yalivyopingana na maombi ya Mhindi. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: je, angesema kwamba hamjui, mashine ingevuka? Karani akasema huenda ingevuka. Baba akaingia kibanjani akakaa mahali palipokuwa na migomba ya bibi, na mama akatukataza kumfuata.

Bati liliteremshwa, nguzo zikapata kazi nyingine. Sakafu haikuweza kung'olewa. Tukaanika kahawa juu yake, na kweli ilikauka vizuri kuliko ya mtu yeyote Nkwenda nzima, kisha tukaibeba na maganda yake kwenda Bukoba. Waliosema baba ana wazimu walikuja kuomba nafasi ya kuanika. Aliwapa. Sikuwahi kumsikia akiutaja mlio tena.

Nilikuwa nimekwisha kuolewa, nimekuja nyumbani kujifungua, baba alipovuka mto. Alivuka kwa mtumbwi na mbuzi mmoja, na hakuna aliyemuuliza karatasi yoyote. Alikaa huko siku kadhaa. Mama hakusema wazi kwamba ana hofu, ila alitwanga hata kahawa isiyohitaji kutwangwa.

Baba aliporudi aliketi juu ya sakafu ile, akanyoosha miguu. Mama akamletea maji, akasimama.

"Umeiona?"

"Nimeiona. Inakoboa vizuri. Inasikika kabla hujafika."

Nilimjua mama yangu, nikajua mashine haikuwa alichotaka kuuliza.

"Na yeye?"

"Nilitaka kumwomba radhi, akanikataza. Alikwenda ndani, akaleta tunda moja la kahawa, akalipasua." Baba alifungua kiganja chake kana kwamba kulikuwa na kitu. "Akanipa punje moja. Akaimeza ya pili."

Mama alikunja kanga yake akakaa kando yake kwenye saruji, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana mbele ya watu. Kisha akanyanyuka, akaenda kuchukua mchi.