Siku Ambayo Mtani Hakutania

Laiti ningekataa. Mke wangu alisema tuwahi shambani Lupiro kwa kuwa ndege walikuwa wanamaliza mpunga, nami nikakubali tuondoke na kitindamimba wetu alfajiri ya siku ya chanjo. Nimeyakumbuka hayo wiki hii, baada ya kufariki muuguzi aliyechanja watoto wa mtaa wetu pale Ifakara miaka ya tisini. Tulimzika kwa vicheko. Watani wake walikuja na kisanduku cha barafu kama kile alichokuwa akifunga nyuma ya baiskeli, mmoja amevaa gauni jeupe, akawapanga waombolezaji foleni: “Nyoosha mkono! Baba mzima unaogopa sindano?” Hata wafiwa walicheka. Mimi pia nilikuwa mtani wake kwa kabila, na ilinipasa kuwachekesha watu. Nilishindwa.

Ua wetu ulikuwa na vyumba kumi vya kupanga, kisima kimoja na watoto kama kumbikumbi. Jioni ya kuamkia chanjo muuguzi aliegemeza baiskeli mlangoni kwangu. “Mtani, kesho nimchome nani, wewe au huyo kitindamimba?”

“Kachome ng’ombe,” nikamjibu.

Hakucheka. “Leo sitanii. Huyu akiugua surua, hataugua peke yake katika ua huu. Mtoto mchanga wa binti yako hapo chumba cha pili ana miezi sita, umri wa chanjo haujafika. Kinga yake ni nyinyi mnaomzunguka.”

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwetu mtani akikuambia nyumba yako inaungua, kwanza unamtukana, ndipo unageuka kutazama.

Tulirudi kutoka shambani na mwanangu akiwa salama, lakini baada ya wiki chache akaugua surua. Wenzake waliochanjwa waliendelea kucheza mpira wa matambara uani kana kwamba hakuna jambo. Ugonjwa uliwapita wote, ukamkuta yule mjukuu wangu mchanga. Muuguzi alikuja kila siku. Nilipoanza kujilaani, alinikatiza: “Mtani, lete maji kwanza. Majuto hayana haraka.”

Wasomaji wangu, mnaolala ukuta kwa ukuta na majirani, sindano ya mwanao ni ya ua mzima. Ukiikwepa, umemwamulia na asiyeweza kusema. Mwanangu alipona kabisa. Mjukuu wangu wa kwanza alipona pia, lakini akawa kiziwi, na ni kiziwi hadi leo.