Breki za Kwenda kwa Dada

Gereji nzima ilimwita Kinaingia. Jina alilopewa na wazazi wake alilijua mkewe peke yake, naye hakulitumia, alimwita mzee. Kinaingia lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Mpelekee kifaa chochote, kiwe na kutu, kiwe cha gari lingine kabisa, atakigeuza, atakipima kwa vidole, kisha atasema, "Hiki kinaingia." Na kweli kilikuwa kinaingia. Magari ya zamani ya kampuni moja, alieleza kwa kila mwenye muda na hata asiye nao, ni ndugu wa tumbo moja: mkubwa akivua, mdogo anavaa.

Gari lake lilikuwa saluni ndogo ya rangi ya maziwa, kuukuu kuliko mafundi wengi wa pale, lenye breki za drum, zile za kizamani zinazotanuka ndani ya ngoma ya chuma, magurudumu yote na springi za nyuma za mapande ya chuma. Ulilisikia likija kabla hujaliona. Kwa kwenda sokoni na kurudi lilitosha sana. Lakini mkewe hakutaka kwenda sokoni, alitaka kwenda kwa dada yake.

Dada aliishi ng'ambo ya mlima, chini ya mteremko mrefu wenye kona kali na mashimo. Alikuwa mgonjwa wa kitandani na masikio yake yalikuwa yamekwisha; simu kwake ilikuwa kipande cha plastiki tu. Ili akusikie, umwinamie mdomo sikioni. Na mkewe Kinaingia alikuwa na neno la kumwambia hapo sikioni. Siku walipogawana vitu vya marehemu mama yao, wawili hao waligombania cherehani, wakatupiana maneno ambayo mkewe Kinaingia, ndiye mdogo, kila alipoyakumbuka alifumba macho. Cherehani yenyewe kaka yao aliibeba akaiuza, wao wakabaki na ugomvi. Miaka ikapita kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Sasa mdogo alikuwa tayari kuanza yeye.

"Si umtume mpwa wako amwambie?" Kinaingia alimuuliza. Mpwa huyo ndiye aliyekuwa akimuuguza mama yake kule.

"Nimtume mtoto akamwombe radhi mama yake kwa niaba yangu? Una akili kweli, mzee?"

Tatizo lilikuwa mgongo wa mkewe. Ugonjwa wa mifupa ulikuwa umemla uti wa mgongo, na daktari alisema mitikisiko ndiyo itakayommaliza. Basi Kinaingia akala kiapo. Angebadilisha breki na springi, angeweka shokapu za maana, na angemfikisha mkewe mlangoni kwa dada bila chai kumwagika mkononi mwake.

Jirani yao, mwenye duka la dawa, alikuwa na gari jipya na laini. Alikuja mwenyewe, akakaa, akasema, "Mzee, chukua gari langu Jumapili umpeleke mama." Kinaingia alishukuru kwa adabu zote. Jirani alipotoka, alikunja uso.

"Mke wa fundi apelekwe na gari la kuazima! Watu watanionaje?"

Watu hawakuwa na habari naye hata kidogo. Vichwa vya wanaume vina mengi ndani, na hiki kilikuwa kimejaa grisi. Mkewe alijua hilo tangu siku ya harusi, na bado alinyamaza, kwa sababu aliamini kazi ingekuwa ya wiki moja.

Ilianza vizuri. Kwenye uwanja wa magari mabovu Kinaingia alipata breki za diski za mbele, za gari la kampuni ileile lililotoka miaka mingi baadaye. Matundu ya bolti yalikaa mahali pake kana kwamba yalikuwa yakisubiriana. "Zinaingia," alisema, na siku ile alirudi nyumbani akipiga mbinja.

Kesho yake alipofunga magurudumu, kalipa, vile vibanio vya diski, zikagusa rimu. Rimu zilikuwa ndogo mno kwa breki kubwa kama zile. Akaanza kutafuta rimu kubwa zenye matundu yaleyale, na kuzitafuta kukachukua muda. Zilipopatikana, diski zikawa zinachemka hata akiendesha polepole: masta silinda ya zamani, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ilitengenezwa kwa ajili ya drum, na mguu ukitoka kwenye pedeli haikuziachia pedi. Akatafuta masta silinda nyingine. Kila kilichoingia kilidai mwenzake, na Kinaingia alikuwa mtu asiyeweza kumnyima mwenzake.

Masta silinda ilipofungwa, ilibidi kutoa upepo kwenye breki, kazi ya watu wawili: mmoja chini na spana, mwingine juu akikanyaga pedeli. Siku zote mkewe ndiye aliyemkanyagia. Safari hii Kinaingia alitaka kumwita mtu wa gereji, lakini mkewe alikwisha shika ukuta, akatoka hatua kwa hatua, akajiweka kwenye kiti cha dereva na mto mgongoni.

"Kanyaga," Kinaingia alisema kutoka chini. Mafuta yakatoka na mapovu. "Shikilia. Haya, achia."

Waliendelea hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Kwenye la mwisho mkewe alisema, "Mzee, pedeli imekuwa ngumu."

"Ndiyo inavyotakiwa."

"Basi breki ziko tayari. Twende kesho."

Kinaingia alitoka chini ya gari, akajifuta mikono. "Breki hizi zina nguvu. Nikikanyaga kwenye mteremko na springi hizi, gari litainama pua na wewe utarushwa. Bado springi na shokapu. Kidogo tu."

"Nitajifunga mito."

"Mito haizuii kitu, mama."

"Twende hivihivi." Hakuinua sauti. "Nakuomba. Nikifika nimeumia, nitakuwa nimefika."

Aliliona lile ombi, tusimsingizie. Lakini alimwona pia mkewe akilia kwa maumivu katikati ya mteremko, na mikono yake ikiwa na usukani tu wa kushika. Aliogopa, na woga wake ulijua kujivika sura ya ufundi. Akasema wasubiri shokapu. Mkewe akashuka peke yake, akakataa mkono wake.

Shokapu za kwanza zilikuwa fupi. Za pili ziliingia lakini bushi zake, mipira ya kwenye viungio, zilikuwa zimekufa. Springi alizoziona mwanzo zilikuwa za gari la mizigo, zikaingia bila taabu, gari likakaa juu na kuwa gumu kuliko zamani, akazitoa. Mkewe aliacha kuuliza. Mgongo wake ulizidi kuharibika; chumbani alilala akitazama dari, na ilipofika zamu ya kugeuzwa, aligeuzwa. Mpwa alipiga simu mara kwa mara kuuliza wanakuja lini, na Kinaingia ndiye aliyejibu. "Mwambie mama yako ni breki tu. Tukimaliza breki tunakuja." Kumweleza bibi kiziwi habari za bushi aliona ni kumchosha.

Siku moja mchana kila kitu kiliingia. Aliliendesha gari kwenye barabara mbovu ya nyuma ya gereji, na halikugonga, halikulia. Alikanyaga breki ghafla, likasimama limenyooka, pua haikuinama. Mafundi walitoka kulitazama. Alilirudisha nyumbani taratibu na akaingia chumbani na habari yake mdomoni.

Mkewe alikuwa na simu kifuani. Mpwa alikuwa ameshapiga.

"Amekufa asubuhi," alisema.

Kinaingia alisimama na funguo mkononi. Alisema gari liko tayari, kwamba wangeweza kuondoka saa ileile, kwamba asingesikia hata shimo moja.

"Nilitaka kuongea naye," mkewe alisema. "Sikutaka kumzika. Nenda wewe."

Kesho yake akaenda peke yake. Mteremko wote gari liliteleza, kona zote breki zilishika, na Kinaingia alilia kutoka juu mpaka chini. Lilikuwa gari zuri kuliko yote aliyowahi kuyagusa na angelitupa korongoni kama lingemrudishia wiki moja tu.

Baada ya mazishi, mpwa alimsogeza pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka tu.

"Baba mdogo, mama mdogo hajaja hata leo?"

"Mgongo wake."

"Mimi nilimweleza mama kuwa ni breki. Nilimwinamia nikamweleza kila mara. Mwisho akasema nisimdanganye tena. Akasema hakuna gari linalotengenezwa breki miezi yote hii, ni mdogo wake tu hajamsamehe." Alijifuta pua. "Akageuka. Hakumtaja tena."

Kinaingia alifungua mdomo ili amweleze kuhusu rimu, kuhusu masta silinda. Akamuaga badala yake.

Alirudi kabla jua halijazama. Gari halikupiga kelele getini, hivyo mkewe alimwona tu mlangoni pa chumba. Pale kitandani, mkewe alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama mtu aliyetoka safari.

"Wamemzika vizuri?"

"Vizuri. Watu walijaa."

"Mzee, alijua kuwa ni breki?"

"Alijua," Kinaingia alisema. "Alisema yuko radhi na wewe."

Mkewe alimtazama. Alikuwa ameishi na mtu huyu maisha yake yote, na alimjua anapokiingiza kwa nguvu kitu kisichoingia.

"Haya," alisema, akamwomba amgeuze aelekee ukutani.