Picha Iliyonuka Kimea

Juzi mjukuu wangu wa kike alirudi hapa nyumbani Ilomba, Mbeya, na kichupa cha gundi ya dukani, brashi mbili na vikopo vya rangi. Mwalimu wao amewaambia watengeneze pambo la ukutani kwa vipande vya vitambaa. Akaketi sebuleni, akakata, akapaka, akabandika, na kabla wali haujaiva kazi ilikuwa imekwisha. Kisha akaniuliza kama zamani sisi tulikuwa na gundi. Nilicheka mpaka nikavua miwani. Mtoto anamuuliza hivyo mtu aliyeingia shule ya kati kwa sababu ya gundi.

Basi kaa nikusimulie wewe, maana yeye, nilipofika katikati, alikuwa amekwisha kurudi kwenye simu yake.

Nilizaliwa upande wa Idodi, kule unakoteremka kutoka Iringa, ukaiacha baridi nyuma na kukuta joto na miti ya miiba. Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa bapa la udongo na kuta nene, na ndani mlikuwa na ubaridi hata jua la saa saba. Asubuhi tuliamshwa na jiwe la kusagia, na mpaka leo nikisikia kitu kinakwaruza nakumbuka uji wa ulezi na maziwa ya mgando. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia, bibi yangu mzaa baba alisiliba kuta upya, udongo mwekundu chini, mweupe juu, na katikati mstari mweusi wa masizi aliouchora kwa kidole bila kupinda. Wanawake wa jirani walikuja kuutazama mstari ule, wakaenda kwao wakajaribu, wakapindisha. Bibi alikuwa na maringo, sikufichi, na mimi nimeyarithi.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nne. Darasa la nne ndio ulikuwa mwisho wa shule yetu, na kwa wasichana wengi ndio ulikuwa mwisho wa shule zote. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Kibena mwenye sauti ndogo na fimbo ndefu, alituambia kwamba Ijumaa ya wiki ifuatayo bibi mkaguzi, Mzungu, angekuja kuchagua wasichana wawili tu wa kwenda shule ya kati ya bweni, Iringa mjini. Hesabu na kusoma tulikwisha pimwa, na nilikuwa miongoni mwa watano waliofanya vizuri. Sasa kilichobaki kilikuwa kazi za mikono. Kila mmoja wetu atengeneze picha kwa vitambaa, rangi na gundi, na vyote avitafute mwenyewe, kwa sababu shule haikuwa na hata uzi wa ziada.

Na hata nikichaguliwa, kulikuwa na baba. Baba alikuwa kibarua wa barabara. Alivaa kaptura ya kaki, akabeba koleo, akaziba mashimo ya njia iendayo Iringa kuanzia Januari mpaka Desemba. Hakuwa mtu mbaya. Ila aliamini kwamba msichana akijua kusoma barua imetosha, na kwamba vitambaa na rangi ni kuchezea uchafu. Mwalimu alikwenda kumbembeleza mara mbili. Mara ya pili baba akakubali jambo moja tu, kwamba Ijumaa atakuja aone kwa macho yake, kisha aamue. Mimi nilisikia nikiwa nyuma ya ukuta.

Vitambaa nilivipata kwa fundi cherehani. Alikuwa mzee wa Kiislamu, wazazi wake walitoka pwani, na alishonea kwenye baraza la duka la Mhindi, kofia kichwani na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Nikamwamkia, nikafagia chini ya cherehani yake siku tatu mfululizo, naye akaniachia kila kilichoanguka. Kila kipande kilikuwa na mwenyewe, na fundi alinitajia wote. Hii kaniki ni ya mama yako. Hii marekani nyeupe ni kanzu yangu mimi. Hili la maua ni gauni la mwalimu, usimwambie nimekupa. Na hii kaki, ukiitazama vizuri, ni kipande kilichobaki kwenye kiraka cha kaptura ya baba yako. Nikaviweka vyote ndani ya kikapu kana kwamba nimebeba mayai.

Kwenye kipande cha boksi la sabuni nikapanga picha ya kijiji chetu. Mama wa kaniki anatwanga, fundi wa marekani yuko kwenye baraza, mwalimu wa maua ameshika fimbo, na mtu wa kaki amesimama barabarani na koleo. Barabara niliipaka kwa udongo mwekundu wa bibi, ikapanda mpaka ukingoni kabisa mwa boksi. Ikabaki gundi. Mwalimu alituelekeza tupike uji mzito wa unga, upoe, ndiyo gundi. Rahisi.

Hapo ndipo nilipofanya yangu. Bibi alikuwa shambani. Ndani kulikuwa na vibuyu viwili vya unga wa ulezi. Kimoja kilikuwa cha uji wa watoto. Cha pili kilikuwa cha kimea, ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa kwa ajili ya pombe. Nikatia mkono huku na huku. Wa pili ulikuwa laini zaidi, nikajiambia kazi nzuri inataka unga mzuri. Mtoto yeyote wa kwetu aliijua kazi ya kimea. Ukitia kijiko kimoja kwenye uji uliosimama kama ugali, unalegea mpaka unanyweka. Mimi nilijua hayo na bado nikaukoroga, tena nikajiona mjanja kuliko wenzangu. Ulipokataa kuganda nikaongeza unga. Ukazidi kukataa. Nikaona basi, mwepesi utaenea vizuri, nikabandika kijiji kizima nikaanika juani.

Jumatano tulipeleka picha shuleni tuzijaribishe ukutani. Yangu ilikaa vizuri kipindi cha kwanza. Katika kipindi cha pili mama akaanguka na mchi wake. Kisha fundi. Kisha mwalimu wa maua akateleza polepole mpaka miguuni pa mwalimu mwenyewe, aliyelitambua gauni lake akanitazama. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani kuja kula utamu. Na harufu, ndugu yangu, harufu ya kilabu cha pombe siku ya tatu. Msichana mmoja akasema picha imelewa, darasa likaangua kicheko, na hata mwalimu alijifuta mdomo kwa leso. Nilikusanya watu wangu sakafuni mmoja mmoja. Nililia njia nzima, na sikulia kwa ajili ya kuchekwa. Nililia kwa sababu nilimwona baba Ijumaa, amesimama mbele ya boksi tupu, akisema si niliwaambia.

Bibi alininusa kabla hajaniona vizuri. Akachungulia kibuyu cha kimea, akanitazama, akaketi chini kabisa kwa kucheka. Kwa utani wa bibi na mjukuu alikuwa akiniita mke mwenziwe.

"Mke mwenzangu," alisema, "pombe haijawahi kumshika mtu akasimama. Itavishika vitambaa?"

Alipomaliza kucheka alinifuta uso kwa ncha ya kaniki yake, akachukua kisu na kikopo cha sigara, tukaondoka. Tulikwenda mpaka kwenye migunga kando ya njia ya Ruaha. Utomvu wa mgunga tuliujua sote, maana tuliutafuna kama peremende tukichunga mbuzi. Hakuna aliyeniambia kwamba ndio ulioshika mpini wa kisu cha bibi tangu baba yangu hajazaliwa. Tulibandua madonge yaliyoganda kwenye magome, mekundu na mang'avu, miiba ikatuchana mikono, bibi akanikemea kila nilipotia donge mdomoni. Nyumbani tukayaloweka katika maji ya moto. Alhamisi asubuhi yalikuwa yameyeyuka, mazito, yananata vidoleni mpaka nikaogopa.

Bibi hakuigusa picha yangu. Alikaa pembeni akichambua mboga na kunifundisha kwa mdomo tu. Paka kidogo. Kandamiza kwa kidole gumba mpaka uchoke. Tia tone la utomvu kwenye udongo na kwenye masizi, rangi isifutike mtu akipitisha mkono. Nilitafuna kijiti mpaka nchani kikawa nyuzi, ndiyo brashi yangu. Na chini ya picha nikachora mstari mweusi kwa kidole, kama wa ukutani kwetu. Haukupinda. Bibi aliutazama kwa muda mrefu, akarudi kwenye mboga zake, na sifa hiyo ilinitosha.

Ijumaa bibi mkaguzi alifika na Landrova iliyojaa vumbi. Wazazi walisimama upande mmoja wa darasa, baba nyuma yao wote. Picha za wenzangu zilikuwa nzuri, za uji halisi, lakini joto la kwetu lilikuwa limezikausha mno na ncha zimeanza kujikunja. Mkaguzi alitembea na kidole chake, akikwangua kila picha kwa ukucha. Vipande vilinyanyuka. Alipofika kwangu akakwangua kaki ya barabarani. Haikutikisika. Akakwangua tena, akavuta. Mtu wa kaki aling'ang'ania barabara yake.

Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kitabuni nimenunua wapi gundi hii. Nikamjibu sikununua, ni ya mgunga, bibi yangu ndiye anayeijua. Akaandika kitu kwenye karatasi. Kisha akasoma majina mawili, na la pili lilikuwa langu. Wenzangu waliokuwa wamecheka Jumatano walipiga makofi kuliko wote. Nilisimama wima kama mlingoti, na nilikuwa na maringo ya bibi mpaka kwenye visigino.

Lakini macho yangu yalikuwa kwa baba. Wazazi walikwisha jazana mbele ya picha wakijitafuta. Mama aliicheka kaniki yake, fundi akawaonyesha watu kanzu yake. Baba alisogea taratibu, wakampisha. Akaiona kaki. Akaishika kaptura yake pale penye kiraka, akaitazama picha tena.

"Huyu ni mimi," alisema.

Nikasema ndiyo, baba.

Akawapitia wote kwa kidole, akarudia, halafu akanigeukia.

"Mbona wewe sikuoni humo? Uko wapi?"

Sijui nilipata wapi jibu. "Sipo, baba. Nimeshapita hapo ulipoziba. Nimekwenda shule."

Baba akakohoa, akavua kofia akaivaa tena, kisha akamwambia mwalimu amwonyeshe pa kuweka dole gumba. Alipolibonyeza kwenye fomu ya kuniruhusu kwenda bweni alilikandamiza kwa muda mrefu, kama alivyonifundisha bibi.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa huku Mbeya. Migunga ile ya kando ya njia imekwisha, imegeuka mkaa. Tembe letu limerudi kuwa udongo, baraza la fundi siku hizi ni duka la simu, na hakuna anayeotesha kimea nyumbani. Bibi alikwenda zamani, na mstari wake ukaenda naye.

Baba alipofariki tulifungua sanduku lake la bati, na chini ya nguo nikalikuta boksi la sabuni. Wote walikuwapo, wameshika. Ila juu, ukingoni, pale barabara inapotokea nje ya picha, kulikuwa na mtu mdogo ambaye sikumbandika mimi. Alikatwa ovyo, kichwa kikubwa kuliko mwili, kwa kitambaa cha buluu cha sare yangu ya kwanza ya bweni, niliyoiacha nyumbani ilipochakaa. Baba, aliyesema vitambaa ni kuchezea uchafu, alikaa peke yake siku moja na mkasi. Na kwa kuwa hakumuuliza mtu, alinibandika kwa ugali.

Mende walikuwa wamekula mguu mmoja. Gundi ya mjukuu wangu ipo hapa mezani, lakini sijaigusa picha ile, nimeitundika ilivyo.